Kabla hujanunua betri ya tatu

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita msomaji mwenzangu wa Korogwe aliandika katika safu hii akitaka magari yote makuukuu yaondolewe barabarani. Hoja yake ni kwamba kila asubuhi yanasukumwa na watoto wa shule, yanaegeshwa kwenye miteremko ili yawake kwa kuserereka, na mawe yanayowekewa matairi yanaachwa palepale katikati ya lami. Kwa habari ya mawe nakiri kosa. Mimi mwenyewe nimeyaacha, kwa karibu miaka miwili, hapahapa Lushoto, na kuna dereva mmoja wa Noah aliyekanyaga jiwe langu akanifuata mpaka sokoni kunipa yangu. Nilimwomba radhi, maana alikuwa na haki.

Ila kwa habari ya kuyaondoa magari, hapo naomba anisikilize kidogo. Gari linalosukumwa kila siku mara nyingi haliumwi uzee. Linaumwa waya, na waya unatibika kwa saa mbili na pesa ya kuku watano. Nasema hivi kwa sababu nilikaa na ugonjwa huo miaka miwili, nikanunua betri mbili na kufungulisha stata, ile mota ya kuzungushia injini iwake, mara mbili, kabla hajatokea mtu wa kwanza kuinama akauangalia huo waya.

Mimi si fundi. Ni muuguzi mstaafu, nina miaka 64. Marehemu mume wangu aliniachia Land Rover Series III ya mwaka 1974, ya petroli, ile ndefu ya inchi 109. Naitumia kushusha mboga Mombo: karoti, kabichi, na msimu wake ukifika, peasi na plamu. Wanaoijua barabara ile wanajua ni kilomita 30 na ushee za kona, korongo upande mmoja na ukuta wa mlima upande wa pili. Gari lenye kuwashwa kwa kuserereka si gari la kuzimika njiani pale, na mzigo wa karoti nyuma.

Ugonjwa ulianza mwezi wa Juni, wakati huku kwetu asubuhi mtu akisema anatoa moshi mdomoni. Nazungusha ufunguo, stata inageuka kwa kujivuta, nguu… nguu… nguu, kama mzee anayepanda ngazi akiwa na ndoo. Haiwaki. Nikikata tamaa na kuachia ufunguo, sekunde ileile ya kuachia, inapiga mara moja, paf, kama inataka kuwaka, halafu kimya. Naomba wenye magari ya zamani waikumbuke alama hiyo, nitairudia.

Fundi wa kwanza alipima betri gari likiwa limezima, akasema, "Mama, betri imekufa hii." Nikanunua mpya, shilingi 260,000. Kwa wiki mbili gari likawaka vizuri, nami nikamsifu fundi kila nilipopita. Wiki ya tatu tukarudi kwenye nguu nguu. Fundi wa pili akashusha stata. Akabadilisha kaboni, akabadilisha bushi, akasafisha amecha kwa msasa mpaka ikang'aa. Ikapata nafuu kidogo, ikarudi. Akashusha tena. Fundi wa tatu akasema gari kubwa linataka betri kubwa, tuweke ya lori. Betri ya lori haikuingia mahali pake chini ya boneti, basi akatoboa, akaihamishia chini ya kiti cha abiria. Waya wa zamani haukufika tena. Akauunga na kipande kingine chembamba kuliko wenyewe, akasokota ncha kwa ncha, akazungushia utepe mweusi, akafunika na mkeka wa mpira. Ile betri mpya ya kwanza, iliyoonekana haitoshi, nikaipeleka nyumbani kwenye sola, ikawa inawasha taa za chumbani usiku kucha. Hilo peke yake lilitosha kunifumbua macho, lakini sikufumbuka.

Katikati ya hayo niliingiza gari gereji nyingine kubadilisha kluchi. Wakashusha giaboksi, wakafanya kazi nzuri, kluchi ni nyepesi mpaka leo. Walipopandisha hawakurudisha waya mmoja. Sikuujua, na nisingeujua, kama si choki.

Ilikuwa asubuhi ya ukungu. Nimevuta choki, ile ya kupunguza hewa ili injini ya baridi iwake, kama kawaida, nimezungusha ufunguo, stata inajivuta, nikasikia harufu. Nilidhani ni utepe mweusi wa chini ya kiti. Nikashika kitasa cha choki kukirudisha nikaachia haraka, moto. Ile kebo nyembamba ya choki, inayotoka kwenye dashibodi kwenda kwenye kabureta, ilikuwa inatoa moshi, na ganda lake la plastiki limelainika kama mshumaa uliosahauliwa juani. Kebo ya choki haina umeme. Haiunganishwi na waya wowote. Nilishuka nikakaa kwenye jiwe langu la tairi nikaitazama gari, nikawaza kwamba marehemu amechukia jambo.

Kijana wa dada yangu mkubwa ndiye aliyenitoa gizani. Anasoma umeme wa magari chuo cha ufundi cha VETA, alikuwa likizo. Alisalimia, akanywa chai, akanisikiliza habari yote mpaka mwisho bila kushika spana, na hilo mafundi watatu wa kabla yake hawakulifanya. Kisha akauliza, "Mama mdogo, hao waliopima betri, waliipima stata ikiwa inazunguka?" Nikasema walipima gari limezima, na ile mpya ikasoma volti 12.6, betri nzima. Akacheka. Mimi nikaona aibu, maana nimefanya kazi wodini miaka mingi na ninajua kwamba mgonjwa wa moyo aliyelala kitandani presha yake inaweza kuwa nzuri tu. Mpandishe ngazi ndipo utajua.

Alichomoa waya mnene wa katikati ya koili, ile inayotoa cheche, ili injini isiwake, akaniweka kwenye ufunguo, yeye akashika mita ya kupimia volti. Nitaeleza alivyofanya, kwa sababu jambo hili mtu yeyote mwenye mita ya bei ndogo anaweza kulifanya uani kwake. Kwanza alipima betri yenyewe wakati nazungusha: 10.6. Hiyo si mbaya. Wasiwasi unaanza ikishuka chini ya 9.6. Pili, ncha nyekundu ya mita aliiweka juu ya nguzo ya chanya ya betri, yaani ile risasi yenyewe wala si temino, kibano cha waya kilichoivaa, na ncha nyeusi kwenye bolti ya stata. Kabla sijazungusha mita ilisoma 12 na kitu, akaniambia nisishtuke, ndivyo inavyotakiwa. Nilipozungusha ikashuka ikatulia kwenye 1.8. Tatu, akaweka ncha moja kwenye bodi la stata na nyingine kwenye nguzo ya hasi ya betri. Nikazungusha: 1.3.

Hesabu yake ni nyepesi kuliko ya kupima dawa ya mtoto. Betri imetoa 10.6. Njiani wakati wa kwenda zimepotea 1.8, wakati wa kurudi zimepotea 1.3. Stata imeambulia 7.5. Stata ya volti 12 ukiilisha 7.5 asubuhi ya baridi, mafuta ya injini mazito, itafanya nini kama si nguu nguu? Katika gari zima, njia ya kwenda isizidi kula volti nusu, pamoja na swichi kubwa ya stata iliyo ukutani mwa injini, ile mafundi wanaiita solenoidi, na njia ya kurudi isizidi 0.2.

Sasa ile alama niliyosema. Koili inayotoa cheche inakunywa bomba lilelile la stata. Stata ikivuta umeme wote, koili inabaki na masalia, cheche inakuwa dhaifu, mafuta hayashiki. Ukiachia ufunguo, stata inaacha kuvuta, umeme unarudi kwa koili ghafla wakati injini bado inazunguka kidogo, ndipo inapiga ile paf moja. Kwa hiyo gari linalotaka kuwaka pale unapoachia ufunguo linakutajia ugonjwa wake kwa sauti. Mimi liliniambia miaka miwili.

Na choki? Injini na giaboksi zimekaa juu ya mipira, ili mtikisiko usifike kwenye bodi. Mpira haupitishi umeme. Umeme wa stata ni lazima urudi kwenye betri, na njia yake ni utepe mpana wa shaba uliosukwa kama ukili wa mkeka, unaotoka kwenye giaboksi au injini kwenda kwenye chesisi, ile fremu ya chuma chini ya gari. Mafundi wetu wanauita ethi. Huo ndio waliousahau wale wa kluchi. Umeme ulipokosa barabara ulitafuta vichochoro: ukapita kwenye kebo ya choki, ukapita kwenye kebo ya spidi, kokote penye chuma kinachogusa injini na bodi. Kebo ya choki si ya kupitisha ampea mia na zaidi. Ikaungua. Baadaye nimesikia kwa dereva wa Moshi ambaye kebo yake ya mafuta iling'ang'ania kwa sababu hiyohiyo, pedali haikurudi, na aliyaona hayo akiwa kwenye mteremko.

Kijana hakuniuzia kitu. Alitoa betri ya lori chini ya kiti, akaitoa ile ndogo kwenye sola, akairudisha chini ya boneti mahali pake pa mwaka 1974, mita moja tu kutoka kwenye stata. Hapo ndipo pana siri yote, na ingawa naandika kwa ajili ya waya mnene, ni lazima niseme kwamba waya mfupi unaushinda waya mnene. Tuseme stata inavuta ampea 200. Mita 3 za waya wa shaba wa milimita 16 za mraba zitakula kama volti 0.6, bila kuhesabu viungo. Mita 1 ya waya wa milimita 35 itakula 0.1. Kile kiungo cha kusokota chini ya kiti kilikuwa kinakula kuliko waya wenyewe. Tulipofungua utepe mweusi, shaba ilikuwa imegeuka kijani na nyeusi, na mkeka wa mpira ulikuwa na alama ya kuungua ya ukubwa wa kisahani. Volti 1.8 kwa ampea 200 ni wati 360. Nilikuwa nimekalisha abiria juu ya theluthi ya pasi ya umeme.

Tukaenda Tanga mjini kununua waya. Hapa nina neno na wauzaji, bila kumtaja mtu. Duka la kwanza waliniuzia "waya wa shaba, namba kubwa, wa welda", mnene kama kidole gumba, bei ya kuvutia. Niliushika nikaona ni mwepesi. Nyumbani nilichukua wembe wa upasuaji, sijaacha kuwa nao, nikaukwangua uzi mmoja wa ndani. Juu nyekundu, ndani nyeupe. Ni alumini iliyopakwa shaba. Waya wa namna hiyo unapitisha umeme kama theluthi mbili tu ya shaba ya unene uleule, unavunjika ukitikiswa, na ncha zake zikibanwa hulegea zenyewe baada ya miezi. Kwa redio unaweza kufaa. Kwa stata, hapana. Nilirudi nao dukani, wakasema mali ikishakatwa hairudi. Sasa ninaanikia nguo, na kwa kazi hiyo sina malalamiko.

Kwa hiyo mnunuzi asiangalie unene wa ganda. Ganda linaweza kuwa nene na ndani kuna uzi wa kushonea. Uliza milimita za mraba, na kama muuzaji hajui, omba mizani. Mita moja ya shaba halisi ya milimita 35 inazidi gramu 300 kabla ya kuhesabu ganda lake. Ile ya alumini haifiki nusu ya hapo. Mwenye duka la nafaka jirani alinipimia bure, akauliza nauza nini. Njia nyingine ni kuchuna uzi mmoja ukauweka kwenye moto wa kiberiti cha gesi: shaba inawiva nyekundu na kubaki uzi, alumini inanywea na kukatika.

Kichwa cha waya nacho kina maneno. Nimeona mafundi wakiponda lagi, ndicho hicho kichwa, kwa nyundo juu ya jiwe, au wakimimina risasi ya kuunganishia mpaka inafurika, wakidhani risasi nyingi ndiyo nguvu. Risasi ikipata joto la kiungo kibaya inayeyuka, na hapo waya unachomoka ukiwa safarini. Kijana alimwomba fundi mmoja wa laini za umeme mashine yake ya kubania, ile ya mkono yenye mdomo wa pembe sita, ikabana lagi na nyuzi zikawa donge moja. Alikata moja ya majaribio kwa msumeno kunionyesha: hapakuwa na tundu hata la sindano. Tulilipa soda mbili.

Ethi tuliipata kwenye chuma chakavu, kutoka kwenye gari lililopinduka, utepe mpana mzima kabisa. Kazi kubwa haikuwa kuufunga. Kazi ilikuwa kukwangua rangi, kutu na matope ya miaka 50 kwenye chesisi mpaka chuma cheupe kikaonekana, sehemu ya ukubwa wa shilingi mia mbili, kwa msasa na kisu. Wenye Land Rover wasidanganyike na bodi lake. Bodi ni alumini, chesisi ni chuma, na mahali vinapokutana kwenye unyevu kama wa kwetu hutoka unga mweupe ambao umeme hauupendi. Ethi ya betri niliifunga kwenye chesisi, na waya mwingine nikaupeleka moja kwa moja kwenye bodi la injini. Huo wa pili haukuwepo kiwandani, ni wa tamaa yangu.

Temino tuliziosha kwa maji ya moto na magadi, haya haya ya kupikia maharage. Yanachemka juu ya ule uchafu wa kijani kama mtu katikisa chupa ya soda, na asidi inakwisha. Vifuniko vya betri viwe vimefungwa, magadi yasiingie ndani. Kisha tukafunga, kisha ndipo tukapaka vaselini juu, si kabla. Na naomba nimalizane na jambo la msumari. Nguzo ya chanya ya betri ni nene kuliko ya hasi, na betri nyingi za magari ya Japani zina nguzo ndogo zaidi. Temino ikipwaya mtu anapigilia msumari pembeni ili ikaze. Msumari unagusa sehemu mbili ndogo kama ncha ya kalamu, na ampea 200 zinatakiwa zipite hapo. Nunueni temino ya saizi yake. Haizidi bei ya chapati na supu.

Kijana akanirudisha kwenye ufunguo. Betri 10.7. Kwenda 0.3. Kurudi 0.1. Stata ilipata 10.3. Akarudisha waya wa koili, nikavuta choki mpya, nikazungusha. Sikuhesabu hata mizunguko miwili. Jirani alitoka nje akauliza nimenunua gari gani.

Gharama yote, pamoja na choki mpya na nauli ya Tanga ya watu wawili, ilikuwa shilingi 94,000. Niliyotumia kabla ya hapo sitaki kuyajumlisha.

Tangu wakati huo nimekuwa kero kwa wenye magari ya zamani wa mtaa wetu. Kuna mwalimu mstaafu mwenye Morris Minor. Kwake nilijifunza kunyamaza kwanza. Gari lile, kama Waingereza wengi wa zama zile, ethi yake ni chanya: nguzo ya chanya ndiyo inayokwenda kwenye bodi. Kijana mmoja alilibadilishia betri akaifunga kama magari ya leo, hasi kwenye bodi. Stata ikazunguka vizuri tu, tena upande uleule, kwa sababu stata hizo hazina sumaku ya kudumu bali koili ya nje na ya ndani, na ukigeuza umeme zote mbili zinageuka pamoja. Basi kijana akaamini amefanya sawa. Redio ya mwalimu, aliyoitunza tangu akiwa kazini, ilikufa saa ileile. Kwa hiyo soma kwanza, angalia waya mnene wa kwenye bodi unatoka nguzo ipi, usifuate mazoea. Na Volkswagen zile za mgongo wa kobe za miaka ya 60 mwanzoni ni za volti 6. Volti zikiwa nusu, kazi ileile inataka ampea mara mbili, kwa hiyo waya unaotosha gari la volti 12 kwake ni mwembamba mno. Nayo ina utepe wake wa shaba kutoka kwenye giaboksi kwenda kwenye bodi, na mara nyingi ni huo uliooza.

Wapo watakaosema kuna hendeli, ule mpini wa kuzungushia injini kwa mkono. Hata langu lina tundu la hendeli kwenye bampa la mbele, na marehemu aliizungusha kwa mkono mmoja huku akiongea na watu. Lakini nimefanya kazi chumba cha majeruhi. Injini ikirudisha nyuma, hendeli inapiga mkono, na upo mvunjiko wa mfupa karibu na kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, ambao vitabu vya mifupa vya Kiingereza vimeupa jina la madereva kwa sababu hiyo. Charles Kettering, mhandisi wa Marekani, alipolipa gari la Cadillac la mwaka 1912 stata ya umeme, aliwapunguzia kazi wenzangu wa zama zile. Mwenye kulazimika kuzungusha asikumbatie mpini kwa kidole gumba. Vidole vyote vikae upande mmoja, na avute juu, asisukume chini.

La usalama la mwisho, maana nimefunga vidonda vya vijana wawili kwa sababu yake. Unapofungua betri, anza na waya unaokwenda kwenye bodi, na unapofunga uwe wa mwisho. Ukianza na ule mwingine, spana ikigusa bodi tu, inawaka kama welda, na mwenye pete kidoleni pete inageuka moto kabla hajaitoa. Vua pete, vua saa. Na betri iliyotoka kuchajiwa inatoa hewa inayolipuka, usiwashe kiberiti kuchungulia maji.

Oktoba 2024 Land Rover zilipojazana Arusha kwa ajili ya tamasha, niliangalia kwenye televisheni na wajukuu. Zimepakwa rangi, zimevishwa bendera, zinapendeza. Wajukuu walikuwa wanahesabu zenye taa za juu. Mimi nilikuwa nahesabu zilizoegeshwa kichwa kikielekea mteremkoni.

Ninaloomba ni dogo. Wenye gereji wanaoshusha giaboksi, ule utepe wa shaba urudi mahali pake, na kama umekatika mwambieni mwenye gari. Wenye maduka, andikeni milimita za mraba na andikeni kama ni shaba au ni alumini. Tutanunua vyote, kamba za nguo tunazihitaji. Na kijana anayenifungulia boneti, kabla hajatamka neno betri, anipimie stata ikiwa inazunguka.

Msomaji wa Korogwe alitaja lori la Bedford la jirani yake linalosukumwa kila alfajiri na kumwamshia mtoto. Namwomba ainame na jirani huyo chini ya gari, watazame kati ya giaboksi na chesisi. Wakikuta bolti tupu yenye kutu, au utepe uliobaki nyuzi tatu, waanzie hapo. Mita yangu naweza kuituma kwa basi la asubuhi, mhariri anayo namba yangu. Irudi na betri yake ndogo ya ndani, maana mara ya mwisho niliiazima ikarudi bila.

Muuguzi mstaafu,
Lushoto, Tanga